Kinyume cha Umba

Kauli ya kutendua naifundisha mbiombio.
Funga, fungua. Ziba, zibua.
Anika, anua: hii haihitaji maelezo,
watoto wa Konde wamezaliwa nayo,
wingu likitanda juu ya majamvi ya karafuu
hata mgonjwa hutoka kitandani akaanua.
Ezeka, ezua. Fuma, fumua.
Hapo nafuta ubao
kabla hawajamaliza kunakili.

Mwaka wa mavuno makubwa nilikuwa darasa la sita.
Maalim Mbwana akauliza: na umba?
Mkono wangu ulikuwa wa kwanza hewani.
"Umbua!"
"Ahsanta. Tungia sentensi."

Na sentensi wiki ile zilikuwa za kuokota tu.
Jumamosi, kituo cha karafuu,
karani alitia mkono ndani ya polo la Bi Mize Faki,
mkono ukatoka na makonyo.
Hakusema neno. Alilipindua polo zima sakafuni,
mbele ya foleni, mbele ya wakwe zake,
akachambua kwa ncha ya kiatu:
karafuu huku, makonyo huku,
karafuu huku, makonyo huku,
na Bi Mize kasimama, upindo wa kanga mdomoni,
kama anayehesabiwa mifupa.
Alisema mara moja tu:
"Polo hilo si langu, mwanangu."
Mtu akacheka. Kicheko kikapanda gari kabla yake,
alipofika Konde kilikuwa kimeshakunywa chai.

Basi nikasimama, nikafuta makamasi, nikatunga:
"Bi Mize aliumbuliwa mizanini."

Kiima, kitenzi, kielezi. Kosa hakuna.
Na aliyetenda hatajwi,
ndiyo raha ya kauli ya kutendwa,
mtendaji hubaki na mikono mikavu.
Darasa likapasuka.
Maalim alishasema "vyema"
ndipo akakumbuka
nani anakaa dawati la tatu, karibu na dirisha.

Shaame wa Bi Mize hakulia. Aliandika.
Naapa, aliinama akaiandika sentensi ile daftarini
kwa sababu tuliambiwa tuandike mifano.
Mwandiko wake ulikuwa mzuri kutushinda sote.
Kesho yake dawati la watu watatu
likakaliwa na wawili.

Baadaye, nina cheti na miwani, nimepekua kamusi.
Umbua: toa kasoro; fichua aibu ya mtu.
Limelala chali neno hilo, halina damu.
Haliambii kuwa kuumba kunataka udongo na subira,
kuumbua kunataka mdomo tu.
Haliambii kuwa kilichofunguliwa hufungwa,
kilichoanuliwa kesho huanikwa,
lakini aliyeumbuliwa
nani atamuumba tena?
Muumba ni mmoja. Waumbuaji tuko wengi,
na wengine tulipata kumi juu ya kumi.

Kama polo lilikuwa lake au si lake, sijui hadi leo.
Miaka mingi nilidhani hilo ndilo swali.

Shaame sasa anauza vitunguu soko la Chake.
Juzi nilitaka kilo moja.
Akapima, mshale ukatulia sawasawa,
kisha akaongeza kimoja juu, kikubwa,
akanitazama mpaka nikakipokea.
"Bado wafundisha?"
"Bado."
"Vyema," akasema, kwa sauti ya Maalim.

Leo skuli, nimefuta ubao mapema kama desturi.
Msichana wa mbele, Tumu, mkono hewani:
"Mwalimu, na umba?"

Chaki ninayo.
Dawati la tatu, karibu na dirisha,
kuna mtoto, sijui bado ni mwana wa nani,
anafunua daftari
akitafuta ukurasa mtupu.